Meli ya Lerato Inakwenda Kaskazini

Jumatatu, 1 Septemba

Sista wa kliniki kasema presha yangu inapandishwa na mawazo. Niyaandike, nisiyameze. Haya basi. Shule yangu iliishia darasa la nne, Morogoro, lakini karatasi haina mdomo, itavumilia.

Kwanza furaha! Binti yangu Lerato anaongoza meli! Si kuiendesha, jamani, hata kuogelea hajui. Anaipanga. Kampuni yake iko Sandton, sisi tuko hapa Alexandra, barabara kuu tu katikati. Ila siku hizi anafanyia kazi mezani kwangu, na kompyuta yake na yale madude ya masikioni. Mbao, mabati, misumari, saruji, katapila, vyote anavipanga viingie meli moja viende huko mbali wanakojenga zahanati. Huko hakuna barabara wala bandari. Meli inasimama majini, mizigo inashushwa kwenye tishari, tishari linasukumwa mpaka ufukweni. Na meli hii ndiyo ya mwisho kwa mwaka. Baada yake bahari inaganda. Kilichosahaulika kinangoja mwakani.

Sasa presha yangu hii hapa: Lerato yuko kwenye majaribio. Meli ikiondoka na kila kitu, anaajiriwa kabisa. Kikibaki kitu muhimu, kwaheri Sandton.

Nikamuuliza, meli yenyewe inakwenda wapi? Akanijibu kwa kile Kiswahili chake cha kuokoteza, kwamba inakwenda kaskazini, Mama, kaskazini sana.

Kaskazini! Moyo ukaruka. Hapa Joburg ukisema kaskazini umesema nyumbani. Wakongo kwao kaskazini, Warundi kaskazini, sisi Watanzania kaskazini. Nani hana mtu kaskazini?

Sikumwambia mtu. Ila Masika tu, jirani yangu Mkongo.

Jumanne, 2 Septemba

Kumwambia Masika ni kumimina maji kwenye pakacha. Asubuhi nilikuwa nafunga barafu zangu, zile za ubuyu na ukwaju ninazouzia watoto, mara geti likalia. Clémentine! Mwenyewe! Kwa miguu yake!

Niandike vizuri hapa. Clémentine ni mwenyekiti wa Umoja wa Kina Mama. Ana saluni mjini, ghorofa ya kwanza, na kioo kikubwa. Tangu nimjue, mimi ndiye huanza kumsalimu, yeye huitikia kwa kidevu. Leo kaanza yeye! Mama Lerato, jambo, habari ya presha, habari ya watoto, habari ya bato. Bato ndiyo meli, Wakongo wanaiita hivyo.

Kauliza kama ni kweli inakwenda kaskazini. Nikasema kaskazini kabisa. Akashusha mfuko mkubwa wa mistari. Nywele za bandia, za dada yake, Kalemie. Kalemie iko kando ya ziwa, akasema, kwa hiyo meli haitapata taabu.

Ningesema nini? Tangu lini mtu anayesafiri akakataa kamzigo ka jirani? Hata ukienda na basi unapewa. Sembuse meli nzima!

Nimeupokea. Akaniita dada. DADA! Nimekaa kitandani nikacheka peke yangu.

Jumatano, 3 Septemba

Siku kubwa! Nimeheshimiwa mpaka miguu inauma.

Masika kaleta mablanketi ya mama yake, Butembo. Jeanne kaleta cherehani ya mdogo wake, Bujumbura. Halafu, saa ya chakula, bakkie, yale magari madogo ya mizigo, likasimama nje. Rajab wa spaza, mwenye kiduka kule Diepsloot, na FRIJI. Jipya, bado lina plastiki. La mama yake, Tanga. Akasema, Mama mkubwa, Tanga kuna bandari, wewe waambie tu wapite. Nikasema watapita.

Friji limekaa uani chini ya turubai. Mablanketi chini ya kitanda changu, yamekiinua mpaka nalala karibu na dari. Lerato akachungulia, akauliza, haibo, Mama, hii mizigo yote ya nini? Nikasema ya kanisa. Akarudi kwenye madude yake ya masikioni. Maskini, ana mawazo kuliko mimi. Madirisha ya zahanati yamechelewa, lori limeharibika njiani huko kwao. Na zahanati bila madirisha huko, akasema, si zahanati, ni friji.

Nikakohoa aliposema friji.

Nilimpa chai. Akanieleza wanavyopakia: kitakachohitajika kwanza ufukweni kinaingia melini mwisho, kiwe juu. Nikasema kama basi la Musina, la mpakani, chakula na blanketi juu, masufuria chini. Akacheka, akasema ndiyo, Mama, hivyohivyo. Akanilalia begani kidogo. Mtoto amekonda.

Nikasema moyoni, nikikaa naye karibu zaidi nitamsaidia zaidi.

Ijumaa, 5 Septemba

Nimeangamia.

Leo nilimwambia Lerato, kwa ujanja, anionyeshe meli itapita wapi. Nia yangu nijue kama inaanza Tanga au Kalemie, nimpange Rajab. Akafungua ramani kwenye simu. Kidole kikaanzia hapa Joburg, kikapanda Musina, kikapanda Zambia, kikafika Tanga. Nikasema simama hapo! Hakikusimama. Kikapita Misri. Kikapita Ulaya. Kikaendelea kupanda mpaka ramani ikawa nyeupe, hakuna hata jina la mji wa kusingizia. Hapo ndipo kaskazini, akasema. Na meli yenyewe inaondokea Kanada. Haifiki Afrika. Haijawahi kufika Afrika. Haina mpango huo.

Nikauliza, basi juu kabisa hapo kuna nani? Akasema kuna watu, Mama, wana watoto wanaougua kama watoto wengine, ndiyo maana wanajengewa zahanati. Na kuna barafu.

Nilitoka nje nikakaa juu ya friji la Rajab.

Kuna njia mbili. Ya kwanza, kusema ukweli. Lakini Clémentine amenisalimu yeye kwanza siku tatu mfululizo! Hata kwenye robot, zile taa za magari, ya barabara ya Louis Botha kanipungia mkono, watu wakiona! Mtu anarudije nyuma kutoka hapo?

Ya pili, kusema meli imechelewa. Na wala si uongo! Lerato mwenyewe kasema upepo umesukuma mabarafu makubwa, kama nyumba, yakaziba njia ya kuingilia kule kijijini. Wanangoja kuona kama yatasogea. Basi nikawatangazia wote: meli imezuiwa na barafu, tuombe.

Masika akauliza, barafu Kalemie? Nikasema hali ya hewa imebadilika dunia nzima, husikii redio?

Nimeokoka. Kwa leo.

Jumapili, 7 Septemba

Baada ya ibada Clémentine alisimama mbele ya kanisa zima akasema dada yetu Mama Lerato ana mzigo moyoni. Mzigo! Nikadhani keshajua, nikashika kiti. Kumbe anaomba maombi ya barafu.

Tukapanda kilimani, kule juu ya Yeoville wanakoombea watu. Pasta Placide alivua koti. Yule akivua koti jua kuna kazi. Akaiamuru barafu iyeyuke. Akaipiga kwa moto. Akasema kila barafu, popote ilipo, kubwa na ndogo, ya juu na ya chini, iyeyuke sasa hivi! Tukasema amina mpaka sauti zikakauka. Mimi ndiye niliyepaza zaidi, maana nilikuwa namwombea mtoto wangu kweli. Hapo sikuwa na ujanja wowote. Mabarafu yasiposogea meli haitafika, na madirisha hayajafika, na Lerato hali chakula.

Nikarudi nyumbani mwepesi kama unyoya.

Umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima tangu tulipoondoka. Nikafungua friza langu. Barafu zote zimeyeyuka! Ubuyu umeelea, ukwaju umezama. Friza ni dimbwi.

Popote ilipo! Kubwa na ndogo! Pasta asingeweza kutaja mahali?

Jumatatu, 8 Septemba

Umeme umerudi kwa kishindo, friza langu likalia mara moja kama mbuzi, likafa. Kabisa. Na joto limeanza, watoto wako getini wanagonga na vikombe: gogo, ice! Gogo, ice! Gogo ndiyo bibi kwa lugha yao. Nao wanajua ni mimi tu mwenye ubuyu Alex nzima.

Nimefikiri. Friji la Rajab linakaa tu. Kitu cha umeme kikikaa bila kuwashwa kinaharibika, kila mtu anajua. Na mtu anatumaje friji kwa mama yake bila kulijaribu? Likifika bovu aibu ya nani? Yangu.

Nimelijaribu. Linagandisha vizuri sana! Nimelijaribu na barafu za ukwaju, halafu za ubuyu, halafu za maziwa, kuwa na hakika.

Habari njema nyingine: upepo umegeuka kule juu, mabarafu yameanza kusogea. Lerato aliruka akanikumbatia. Nikamwambia ni maombi. Akasema ni upepo, Mama. Nikamuuliza, na upepo nani kaugeuza?

Zimebaki shida zake mbili tu. Lori la madirisha litafika bandarini kesho. Na melini imebaki nafasi ya kontena moja, ambayo mteja mwingine anaitaka. Nafasi haiwekwi bila mzigo, ni sheria yao. Madirisha yakichelewa, nafasi inachukuliwa.

Jumanne, 9 Septemba

Nimefanya jambo. Sijui kama ni jema. Nadhani ni jema sana!

Lerato alikwenda spaza kununua mkate na data. Simu ya kazi akaiacha mezani, ikalia. Nikaitazama. Ikalia tena. Nikasema, je kama ni meli?

Nikapokea. Ni mwanamume. Anaitwa Ignace, ndiye anayepakia meli huko bandarini Kanada. Sauti ya upole, kama mzee wa kanisa. Akauliza: Madame Lerato?

Sasa, mimi nani? Mama Lerato. Miaka ishirini na nane mtaa mzima unaniita Mama Lerato. Nikajibu kwa heshima, ndiyo, yes, Mama Lerato!

Akafurahi. Akaongea Kiingereza chake, chenye Kifaransa ndani, nami nikasikiliza kwa Kiingereza changu, chenye Kiswahili ndani. Nilichopata ni kwamba nafasi bado ipo, mtu mwingine anaitaka, je, mimi nina mzigo zaidi?

Kama nina mzigo! Mungu ni mwema! Nikatazama huku na huku. Nikamwambia ninao, tena mwingi! Mablanketi! Cherehani! Friji! Akauliza na kingine kipi. Nikauona ule mfuko wa mistari. Nikasema nywele. Akauliza, nywele? Nikasema nywele, nyingi, nzuri, za Clémentine.

Akasema sawa, Madame, namwambia yule mwingine nafasi imechukuliwa. Nikamwambia Mungu ambariki na asalimie nyumbani kwake.

Hesabu yangu ni hii. Mizigo ikifika Kanada kwa namna yoyote, inaingia melini. Ikishaingia melini iko mikononi mwa wenye meli. Wao wanajua njia kuliko mimi.

Lerato aliporudi nilikuwa nafagia. Sikusema kitu, nisimchanganye.

Jumatano, 10 Septemba

Siwezi hata kushika kalamu. Naishika hivyohivyo.

Simu ililia mapema, bosi wake. Lerato akasikiliza, uso ukabadilika. Akarudia maneno polepole, kama mtu anayesoma kaburi: nywele? Nywele gani? Kuna kontena la nywele kwenye meli yangu?

Mimi nikaanza kuelekea jikoni.

Akaniita. Hakuniita Mama. Aliniita "Mama Lerato", kama watu wa nje wanavyoniita. Lo, ile ilinichoma. Akauliza nani kapokea simu yake. Nikaanza na habari ya presha. Akauliza tena. Basi nikasema yote: Masika, Clémentine, kaskazini, friji, kilimani, Ignace. Akainua shuka akaona mablanketi. Akafungua mlango wa uani, akafungua friji, barafu ya maziwa ikamwangukia mguuni.

Hakupiga kelele, afadhali angepiga. Alikaa chini kwenye ngazi akalia kama alivyokuwa mdogo, mabega yakitikisika. Akasema, Mama, nilipanga kila msumari. Kila msumari. Sasa ofisi nzima inaniita binti wa nywele. Wananitoa.

Nikakaa naye. Nikasema mpigie bosi, mwambie ni mama yako mjinga aliyefanya. Nikasema nitaongea naye mwenyewe. Akasema la, Mama, usiongee na mtu yeyote. Akafuta uso, akampigia Ignace, akamwambia ukweli wote, kwamba aliyepokea si yeye, ni mama yake, na nywele zinakwenda Kalemie. Hapo nikasikia Ignace anacheka mpaka anakohoa. Kisha akasema kitu kirefu.

Lerato alikuwa anapenga kamasi. Akasimama katikati ya kupenga.

Lori la madirisha limefika! Limefika usiku wao, limechelewa, geti limefungwa. Kwa sheria nafasi ingekuwa imeshakwenda kwa yule mteja mwingine tangu jana. Lakini haikwenda. Imeshikwa. Na nani? Na nywele!

Akaruka kwenye kompyuta. Hakufunga hata mdomo. Toa nywele, weka madirisha! Toa nywele, weka madirisha! Alikuwa anaongea na watu watatu kwa pamoja, vidole vinakimbia kama anasuka nywele. Halafu akampigia bosi akamweleza yote, bila kuficha hata mimi. Bosi akauliza kitu kimoja tu, kama madirisha yamo. Yamo, akasema.

Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango na mwiko. Nimeshindwa kupumua mpaka sasa.

Ijumaa, 12 Septemba

Meli imeondoka! Na kila kitu! Kila dirisha! Ignace katuma picha. Nyekundu, kubwa, imekaa majini chini kwa uzito kama mama mjamzito wa mapacha. Lerato kaitazama muda mrefu.

Kisha akanitoa nje kwa mkono tukawaambie majirani ukweli. Yeye kasimama nyuma yangu kama askari.

Masika kachukua mablanketi, hakuacha kuuliza kama Kalemie barafu imeyeyuka. Jeanne kachukua cherehani. Rajab kaja na bakkie lake. Akafungua friji la mama yake. Akatazama. Mimi nikasema nilikuwa nalijaribu. Akachukua barafu moja ya ubuyu, akaing'ata pembeni kama tunavyong'ata kwetu, akanyonya. Akanyonya ya pili amekaa ukingoni mwa gari, ananitazama machozi yanamlenga. Akasema hajaonja hii tangu aondoke Tanga. Akasema friji likae kwanza, mpaka apate basi la kulibeba, ila kila Jumamosi atapitia kulikagua.

Clémentine ndiye alikuja wa mwisho. Kauchukua mfuko wake, kautikisa, kauliza kama nywele zote zimo. Nikamwambia nywele hizi zimeokoa zahanati! Akaniangalia juu chini. Akaondoka. Jioni nimekutana naye kwenye robot. Nikamwamkia mimi. Akaitikia kwa kidevu.

Kidevu! Baada ya yote!

Jumatatu, 15 Septemba

Ameajiriwa! LERATO AMEAJIRIWA! Kabisa, na karatasi yenye mhuri! Nimepiga vigelegele mpaka mbwa wa jirani kaitikia. Nimepiga goti papo hapo kwenye unga wa maandazi.

Bosi kasema anayeweza kuokoa mzigo katikati ya balaa lile anafaa. Balaa lile, ndiyo mimi huyo. Lerato kanikumbatia akasema nisiguse simu yake tena maisha yangu yote. Nimekubali. Sista wa kliniki kapima presha, imeshuka. Kumbe kuandika kunasaidia.

Na nimejifunza! Naandika hapa nisisahau. Kabla ya kupokea mzigo wa mtu, uliza kwanza: kaskazini gani? Maana kaskazini ziko nyingi, nyingine zina watu na nyingine zina barafu. Hilo limenikaa.

Wamempa na kazi mpya tayari. Meli nyingine, wanajenga nyumba za watu wa utafiti. Nilikuwa nakaanga, mafuta yanalia, sikusikia yote. Nilisikia anasema safari hii ni upande mwingine, Mama, kusini, kusini kabisa, na meli inaondokea Cape Town. Akaongeza kitu kuhusu mizigo, akakirudia mara mbili, lakini mafuta yalikuwa yanalia.

Cape Town! Clémentine ana mtoto wake Murielle Cape Town, anajifungua mwezi ujao, na kitanda cha mtoto kimejaa saluni hakina wa kukibeba!

Nimekwenda mjini mwenyewe, nikapanda mpaka kwenye kioo kikubwa. Kasimama. Kanitazama. Kauliza, safari hii una hakika?

Nikamwambia, dada, kaskazini ndiyo ina utata. Kusini ni kusini.

Kesho analeta kitanda. Ameniaga yeye kwanza.